Kung'oa 3Y na kuweka 3L: mwongozo kamili wa kugeuza Hilux ya petroli kuwa ya dizeli

Hilux za petroli za kati ya 1983 na 1997 bado zinapiga kazi Nairobi. Chesi ni nzima na bodi inavumilia mzigo, lakini injini ya 1Y, 2Y au 3Y imechoka na kabureta inakunywa. Mwenye gari akiuliza dizeli, jibu letu ni moja: weka injini ambayo Toyota yenyewe iliiweka kwenye Hilux za kizazi hicho hicho. Hiyo ni familia ya L, yaani 2L ya cc 2,446 na 3L ya cc 2,779. Mwongozo huu unafuata 3L, kwa sababu haina taabo wala kompyuta, spea zake ziko kila mahali, na fundi yeyote aliyewahi kugusa Hiace anaijua.

Gari nyingi zinazolala gereji miezi mitatu hazikukwamishwa na injini. Zimekwama kwa vitu vinavyoizunguka: pampu ya vakyum (ya breki), giaboksi, njia ya dizeli, redieta na waya. Kwa hiyo muda mwingi hapa tutautumia huko.

Piga hesabu kwa lita

EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na Nairobi tofauti kati ya petroli na dizeli mara nyingi ni ndogo. Usitegemee bei ya pampu, tegemea ulaji. Hilux ya 3Y yenye kabureta iliyochoka, ikibeba mzigo mjini, huenda kilomita 7 hivi kwa lita. 3L iliyo sawa huenda 10 hadi 11. Ukitembea kilomita 1,500 kwa mwezi, petroli itakula lita 214 na dizeli lita 143. Umeokoa lita 71.

Sasa chukua gharama yote ya kazi (injini, giaboksi, redieta, betri, fundi, karatasi) uigawe kwa bei ya lita moja. Ikiwa kazi inagharimu sawa na lita 2,000, pesa zitarudi baada ya miezi 28 hivi. Mwenye kubeba mboga kutoka Limuru kila siku atazirudisha mapema. Anayeenda kanisani na sokoni pekee afadhali aifanyie 3Y ovahoo na aachane na mambo haya.

Jua pia unachopata. 3L haina taabo, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi na nguvu hupungua kwa takriban asilimia 17 ukilinganisha na Mombasa. Itavuta mzigo vizuri kwa mzunguko wa chini, lakini haitakimbia.

Kuchagua na kupima injini

Injini za L utazipata Kirinyaga Road kwenye maduka ya Grogan, Industrial Area, na kwa wanaokatakata magari Kariobangi Light Industries. Epuka 2L-T na 2L-TE hata zikiwa bei rahisi. Zina sifa mbaya ya kupasuka silinda hedi zikipata joto, na kwa milima yetu joto litakuja.

3L nyingi sokoni zimetoka kwenye Hiace. Bloku ni ile ile, lakini sampu (bakuli la oili chini ya injini), mrija wa kunyonya oili, dipstiki na mabano ya maunting (viegemeo vya injini) hutofautiana na vya Hilux. Ukinunua ya Hiace, hakikisha unapata sampu na mrija wa Hilux kwa pamoja. Sampu ikibadilishwa bila mrija wake, injini inaweza kunyonya hewa gari likipanda mlima na kuua beringi.

Usinunue injini iliyo chini kwa kuzungushwa kwa mkono tu. Mwambie muuzaji aifunge betri na stata, kisha fanya haya kabla pesa hazijatoka mfukoni:

1. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Mvuke kidogo si neno. Moshi unaosukuma kwa mapigo maana yake ringi zimekwisha.
2. Angalia oili chini ya kifuniko. Rangi ya maziwa ni maji ndani ya oili.
3. Toa hita plagi (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha) zote nne, ng'oa waya wa solenoidi ya kuzima iliyo kwenye pampu ya injekta ili dizeli isipite, kisha pima kompresheni kupitia matundu ya hita plagi, silinda moja baada ya nyingine. Geji iwe ya dizeli. Ya petroli haifiki huko.

Namba za kompresheni zinahitaji akili. Kitabu cha Toyota kinasema injini mpya ni psi 455 hivi, kiwango cha chini kabisa 284, na tofauti kati ya silinda isizidi 71. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi, injini nzuri kabisa itasoma karibu 370, kwa sababu hewa inayoingia kwenye silinda ni chache. Wapo wanaokataa injini nzuri kwa kutojua hili, na wapo wauzaji wanaolitumia kutetea injini mbovu. Tazama zaidi ule usawa: silinda tatu zikisoma 370 na moja 270, iache hapo hapo.

Kabla ya kulipa, linganisha namba iliyochongwa kwenye bloku na ile iliyo kwenye risiti. Piga picha. Namba iliyokwaruzwa au kuchongwa upya ni sababu tosha ya kuondoka. Utahitaji risiti yenye jina na PIN (namba ya kodi) ya muuzaji, pamoja na nakala ya karatasi za forodha ikiwa injini imetoka nje, kwa sababu logbuku (hati ya umiliki wa gari) ina namba ya injini, aina ya mafuta na cc, na vyote vitatu vitakuwa vimebadilika. Ingia kwenye tovuti ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uone orodha ya wanachotaka kwa kubadilisha injini mapema. Karatasi zinapatikana kirahisi siku ya kununua, na kwa shida sana mwezi mmoja baadaye.

Vitu vya kudai pamoja na injini

Usiondoke dukani bila: giaboksi ya dizeli yenye kengele yake (ganda linaloiunganisha na injini), flaiwili, stata, altaneta yenye pampu ya vakyum mgongoni, pampu ya injekta na mabomba yake yote, kikombe cha chujio cha dizeli chenye pampu ya mkono, feni na klachi yake ya mnato, rilei ya hita plagi, manifoldi zote mbili, mabano ya maunting ya upande wa injini, na, ikiwezekana, yale ya upande wa chesi yaliyokatwa kwenye Hilux ya dizeli. Kila kimoja ukikitafuta peke yake kitakugharimu mara mbili.

Kung'oa ya zamani

Toa betri, mwaga maji na oili, toa boneti na redieta. Piga alama kwenye flanji za propela shafti ili zirudi zilivyokuwa. Ng'oa injini na giaboksi kama kitu kimoja, ukivuta mbele na juu kwa cheni bloku. Kabla ya kukata waya wowote, bandika karatasi yenye jina lake: geji ya joto, swichi ya oili, chaji, stata, IG (swichi ya kuwasha). Waya wa koili usiufiche ndani, utautumia tena. Chukua pia vipimo vya kutoka kwenye krosimemba hadi katikati ya puli ya kranki, na urefu wa giaboksi hadi kwenye flanji. Bila vipimo hivyo, siku ya kuweka injini mpya utabaki kukisia.

Kazi za kufanya injini ikiwa bado chini

Badilisha mkanda wa taiming, roli yake ya kukaza na sili za mbele, hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Mkanda huu ni wa kilomita 100,000, na kwa dizeli pistoni hupita karibu sana na valvu; ukikatika, valvu zinapigwa. Linganisha alama tatu: kranki, kamshafti na pampu ya injekta. Kisha zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili na utazame alama tena. Ikigoma katikati usilazimishe. Pampu ya injekta ikiwa haijaguswa, acha mstari wake wa kiwandani kwenye flanji ukutane na ule wa bloku.

Pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.20 hadi 0.30, za kutoa 0.40 hadi 0.50. Peleka injekta kwa fundi wa pampu apime. Za 3L hufunguka kati ya bar 105 na 125, na zote nne zinapaswa kukaribiana. Washa (pete bapa) za shaba chini ya injekta ziwe mpya, na injekta zikazwe kwa Nm 64. Hita plagi hukazwa kwa Nm 13 tu. Zikizidishwa hukatikia ndani ya hedi, na kuchomoa kipande ni kazi ya siku nzima.

Ukilazimika kutoa hedi, angalia gasketi ya zamani. Gasketi za L huja kwa unene tofauti tatu, zinazotambulika kwa vipande vilivyokatwa pembeni, kulingana na jinsi pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Rudisha unene ule ule, na kaza boliti za hedi kwa mpangilio kutoka katikati: Nm 78, kisha zungusha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) hapa si anasa.

Klachi, giaboksi na difu

Kengele ya giaboksi ya 3Y haikutani na bloku ya L. Wengine hutengeneza sahani ya kuunganisha kwa chuma cha jua kali. Usifanye hivyo. Kosa la hata nusu milimita la katikati hula beringi ya shafti na klachi, na ni vigumu kuliona kwa jicho. Tumia giaboksi ya dizeli. Weka klachi pleti mpya, presha pleti, rilisi beringi, na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Boliti za flaiwili ni Nm 123.

Giaboksi mpya ikitofautiana kwa urefu, propela shafti hukatwa au kurefushwa, kisha isawazishwe kwa mashine. Isiposawazishwa, utasikia mtetemo ukifika kilomita 70.

Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ndiyo watu husahau. Tairi lenye mzunguko wa mita 2.2, gia ya tano ya 0.85 na difu ya 4.556, kilomita 100 kwa saa ni karibu mizunguko 2,900 kwa dakika. Difu ya 4.1 inaishusha hadi 2,650. Kwa anayepita Thika Road kila siku, hiyo ni tofauti ya kelele na ya mafuta. Anayebeba mawe Kitengela aache difu fupi.

Maunting

Teremsha injini na giaboksi pamoja, iegemeze kwenye krosimemba ya giaboksi kwanza, kisha tazama mabano ya mbele yanaangukia wapi. Usichomelee chochote kabla feni, redieta, stiringi na egzosti havijawekwa kwa majaribio. Acha angalau milimita 20 kati ya injini na kila kisichotembea nayo, kwa maana dizeli hutikisika sana inapozimwa. Chomelea kwa pointi chache, toa injini, kisha malizia mshono kamili. Raba ziwe za dizeli. Za petroli zitapasuka.

Injini hii ni nzito kuliko ile iliyotoka. Hilux inayosukumwa na magurudumu mawili (2WD) ina toshen ba mbele, na hurekebishwa kwa boliti zake hadi urefu wa mbele urudi pale ulipokuwa. Baada ya hapo fanya alaimenti.

Breki: usikimbie hapa

Injini ya petroli hunyonya kupitia throto na kutengeneza vakyum inayosaidia breki. Dizeli haina throto ya namna hiyo, kwa hiyo haina vakyum. Pampu iliyo mgongoni mwa altaneta ndiyo inayofanya kazi hiyo, nayo inategemea oili ya injini: bomba jembamba la kuleta oili na hozi nene ya kuirudisha kwenye sampu. Hozi ya kurudi ikikunjwa, oili hujaa kwenye pampu na kupita hadi kwenye busta (kisaidizi cha breki). Bomba la kuleta likiziba, pampu husagika.

Weka valvu ya njia moja kwenye hozi ya busta, mshale ukielekea pampu. Jaribu hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano hadi pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa. Pedali inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, gari halitoki gereji. Ukipima kwa geji, kumbuka hewa ya Nairobi yenyewe ni karibu milimita 620 za zebaki badala ya 760, hivyo pampu nzuri haitafikia namba iliyoandikwa kwenye kitabu.

Tangi na njia ya dizeli

Mwaga petroli yote, toa tangi, lioshe kwa dizeli kidogo na uliache wazi juani kutwa nzima. Usichomelee tangi lililokuwa na petroli, hata likiwa kavu. Petroli iliyobaki hupunguza ule ulaini wa dizeli unaolainisha pampu ya injekta, na pampu hii haina oili nyingine.

Hozi ya kuleta iwe na kipenyo cha ndani cha milimita 8, ya kurudisha milimita 6, zote za aina inayovumilia dizeli. Pampu ya petroli iliyokuwa kwenye injini haihitajiki, na kama gari lilikuwa na pampu ya umeme ndani ya tangi, itoe. Chujio lenye pampu ya mkono likae mahali mkono unafika.

Kuna boliti mbili zenye tundu kwenye pampu ya injekta, ya kuingiza na ya kutoa, na ukizitazama zinafanana. Ile iliyoandikwa OUT ina kitundu chembamba ndani kinachoshikilia presha ya pampu. Zikibadilishana nafasi, injini itawaka, itakuwa dhaifu, na itazimika ukiongeza moto. Gari nyingi zimebadilishiwa pampu nzima kwa ajili ya boliti hii moja.

Maji

Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Ndiyo maana kifuniko cha redieta cha bar 0.9 kilicho kizima ni spea ya lazima. Tumia redieta ya dizeli, au peleka ya petroli iongezwe safu kwa fundi wa redieta. Shraudi ya feni (kava linaloizunguka) irudi; bila hiyo feni huzungusha hewa ile ile. Nusu ya upana wa feni iwe ndani ya shraudi, na ncha zake zikae milimita 25 kutoka kwenye redieta.

Mafundi wengi hutupa thamostati. Tafadhali usikubali. Dizeli inayokimbia baridi hutoa moshi mweupe, huchafua oili na hula mafuta zaidi. Weka ya nyuzi 82 na kulanti, si maji ya bomba.

Umeme

Solenoidi ya kuzima inataka waya mmoja tu wenye volti 12 wakati swichi iko ON na pia wakati wa kupiga stata. Waya wa zamani wa koili unafaa, ila kama ulipitia rezista, iruke. Rev kauntari ya petroli haitafanya kazi. Tumia ya dizeli pamoja na sensa yake.

Hita plagi za L ziko za aina mbili: za volti 6 zinazodhibitiwa na taima yake, na za volti 11 au 12. Soma maandishi kabla ya kufunga. Plagi ya volti 6 ikipewa 12 kwa kitufe cha mkono inaungua kwa sekunde chache. Kitufe kinafaa kwa aina ya pili pekee, sekunde 10 hadi 15, kupitia rilei na fyuzi ya ampea 80. 3L inapulizia dizeli kwenye chumba cha pembeni, na asubuhi ya Julai itagoma bila plagi hizi.

Betri iwe N70, nyaya za stata zisipungue milimita za mraba 35, na injini iwe na ethi nene hadi kwenye chesi. Ethi mbovu hutafuta njia nyingine kupitia keboli ya aksileta, na huichoma.

Egzosti: inchi 2 moja kwa moja hadi nyuma, na bomba la kunyumbuka karibu na manifoldi.

Kuwasha mara ya kwanza

Tia oili ya 15W-40, karibu lita 6. Dipstiki ndiyo inayoamua. Waya wa solenoidi ukiwa umetolewa, piga stata sekunde 10 mara mbili au tatu hadi taa ya oili izimike. Rudisha waya. Piga pampu ya mkono hadi iwe ngumu. Legeza nati za 17 kwenye injekta, piga stata hadi dizeli itoke bila povu, kaza. Usihisi uvujaji kwa kidole. Dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kwenda hospitali mara moja. Tumia kipande cha kadibodi.

Weka ubao bapa karibu na mdomo wa hewa. Injini ikipaa (ikizunguka kwa kasi yenyewe) na kukataa kuzimika, ziba kwa ubao, kamwe si kwa kiganja.

Ikishika, sailensa (mzunguko bila kukanyaga aksileta) iwe kati ya mizunguko 650 na 750 kwa dakika. Moshi mweupe unaoisha injini ikipata joto ni kawaida. Usipoisha, angalia hita plagi, taiming ya pampu au kompresheni. Bluu ni oili. Mweusi ukikanyaga sana ni dizeli nyingi kuliko hewa, jambo la kawaida kwa pampu iliyopimwa kwa usawa wa bahari. Fundi wa pampu aipunguze kidogo kwa skurubu ya nyuma, robo mzunguko kwa wakati. Fundi wa barabarani akitaka kuizungusha mbele "ipate nguvu", mkatalie: moshi huo ni joto linaloelekea kwenye pistoni.

Barabarani

Siku ya kwanza zunguka karibu na gereji, bila mzigo, ukisimama kuangalia uvujaji. Ya pili panda hadi Limuru. Ya tatu shuka Mai Mahiu na urudi juu ukiwa na nusu tani nyuma, macho kwenye geji ya joto. Mshale ukipanda mlimani na kushuka tambarare, angalia redieta na feni. Ukipanda hata tambarare na hozi ya juu ikawa ngumu asubuhi kabla hujawasha, ni gasketi ya hedi.

Hapo ndipo upeleke gari kukaguliwa, Likoni Road au kituo kingine cha ukaguzi cha NTSA, ili logbuku ibadilishwe. Mjulishe na mwenye bima kwa maandishi, kwa sababu namba ya injini isiyolingana ndiyo ya kwanza kutafutwa siku ya dai.

Kilomita 500, kaza tena boliti za maunting, kengele na egzosti. Kilomita 1,000, badilisha oili na chujio, pamoja na chujio la dizeli, kwani uchafu wa tangi la zamani wote utakuwa umefika hapo. Baada ya hapo oili ni kila kilomita 5,000, na maji kwenye kikombe cha chujio yamwagwe kila mwezi.